Mvula haikate kuran, ni vumbi

Kila mwaka ni vile vile. Mwisho wa septemba ao mwanzo wa oktoba, mvua ya kwanza inaanguka kidogo tu, hata udongo haujalowana, na kuran inakatika. Ku nyumba tunasema: “Mvula imekata kuran.” Tunaisingizia. Vumbi njo inakata.

Angalieni juu ya pilone. Waya haugusi chuma: unaning’inia kwa mnyororo wa sahani za kioo ao za porselene, ndizo isolatere. Zinazuia kuran isipite ku chuma na kushuka udongoni. Toka mwezi wa tano hakuna mvua ya kuziosha. Vumbi nyekundu ya barabara, ile ya karieri na ya makamyo ya minerai, moshi ya tanuru za shaba, majivu ya nyasi tunazochoma, vyote vinalala pale juu.

Vumbi kavu haipitishe kuran sana. Lakini ndani yake kuna chumvi, na chumvi ikilowana inafungua njia. Kuran kidogo inatembea juu ya sahani, inazipasha moto, inakausha sehemu fulani, na cheche zinaruka pale pakavu. Usiku tunasikia kss-kss, tunaona mwanga wa buluu. Siku sahani zikishindwa, moto unaruka toka waya mpaka chuma, na disjonktere inakata laini nzima. Mvua kubwa inaosha. Manyunyu na ukungu njo ya kuogopa.

Laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilometa 1 700, inaleta kuran Katanga toka miaka ya 1980. Inabeba kuran kontinu ya volti 500 000, na kuran ya namna hiyo inavuta vumbi kupita ile ya nyumbani. Ni sawa kioo cha televizyo ya zamani: mama anapangusa asubuhi, jioni imejaa tena.

Kwa muuza samaki, hasara ni friji. Kwa mwenye kuwa chini ya shimo, ni pompe za maji na hewa ya kupumua. Kwa hiyo tunasema wazi: isolatere zioshwe mu agosti na septemba, ao zipakwe silikone yenye kufukuza maji. Kungoja mvua ni kuchelewa.

Na sisi, tusichome nyasi chini ya laini: hata moshi peke yake inaweza kuangusha kuran. Waya ukianguka, hata kama umenyamaza, watoto wakae mbali mpaka watu wa SNEL wafike.