Imani ya Mkristo Mbele ya Akili

Swali la kama imani ya Kikristo inakubalika kiakili lina uzito wa pekee katika jimbo la Maniema, kuanzia Obokote hadi Kindu, kwa kuwa huko Wakristo wana majirani Waislamu, ambao dini yao ilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19, na jirani wa dini nyingine humfanya mtu atafute sababu za kile anachokiamini.

Baadhi ya sababu hizo ni za Mkristo na Mwislamu pamoja. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba kila chenye mwanzo kina aliyekianzisha, na kwamba ulimwengu una mwanzo. Tomaso wa Akwino, padri wa karne ya 13, aliona kuwa mwanzo huo hauthibitiki kwa akili peke yake, hivyo akajenga hoja juu ya utegemezi, yaani kwamba vitu visivyojitosheleza vinahitaji chanzo kinachojitosheleza. Wengi wamezipinga hoja hizi, lakini kwa hoja, wala si kwa kuzipuuza.

Hata zikikubaliwa, zinaishia kwa Muumba mmoja, hazimfikishi mtu kwa Kristo. Hapo Mkristo anategemea ushuhuda, kwamba Yesu alisulubiwa akafufuka, ilhali jirani yake Mwislamu hakubali hata huko kusulubiwa, ambako wanahistoria karibu wote wanakukubali. Kutegemea ushuhuda si upungufu wa akili, maana hakimu naye huamua juu ya tukio ambalo hakuliona. Ila mtu anayekubali tayari kwamba yuko Mungu awezaye kuutenda ufufuko huupima kwa namna tofauti, na ndiyo maana hoja za Muumba haziachwi nyuma.

Pingamizi zito kuliko yote ni uovu, na Maniema, iliyopitiwa na vita vya 1996 na 1998, haihitaji kufafanuliwa jambo hilo. Alvin Plantinga, mwanafalsafa wa Marekani, alionyesha mwaka 1974 kwamba Mungu mwema na uovu havipingani kimantiki, iwapo wanadamu wamepewa uhuru wa kweli. Jibu hilo linaondoa mkinzano, halimfuti machozi aliyefiwa. Imani inayokubali kuulizwa hivyo ni ya akili. Makatekista na wachungaji wawafundishe vijana hoja hizi pamoja na mapingamizi yake, kabla ya ubatizo na kipaimara, badala ya kuwakataza kuuliza.