Mbuzi Mia Barabarani: Hatari Iko Kwenye Kusimama

Muulize mfanyabiashara wa mbuzi kwa nini amefika mnada wa Pugu na mizoga minne kwenye lori, atakujibu kwamba safari ilikuwa ndefu. Ni kweli ilikuwa ndefu. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700, na si mbuzi aliyeomba kupanda Fuso. Ila mbuzi ni mgumu kuliko tunavyomchukulia. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2005, ambazo hazina huruma kwa msafirishaji mzembe, zinaruhusu mbuzi mzima mwenye afya asafiri saa 14, apumzike walau saa moja na kupewa maji, kisha aendelee saa 14 nyingine. Kilomita 700 za lami zinaingia humo na saa zinabaki. Kinachoua mbuzi wetu mara nyingi ni zile dakika ambazo lori limesimama huku wao wakiwa bado juu yake.

Tupige hesabu. Mbuzi wa kienyeji wa kilo 30, hata akiwa amesimama tu hafanyi lolote, mwili wake hutoa joto la wati 50 hadi 60. Ni kama balbu ile ya zamani ya wati 60 inayowaka bila kuzimwa. Pakia mia moja, umewasha kilowati tano au sita ndani ya sanduku la mbao. Lori likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, upepo unapenya kati ya mbao na kulichukua joto hilo lote, wala hakuna anayelihisi. Likisimama, hewa nayo inasimama.

Mbuzi hatoki jasho la kumtosha kujipoza. Anategemea kuhema, yaani kuvukiza maji kwenye njia ya hewa. Sasa mia wakihema pamoja chini ya turubai, hewa inajaa mvuke, na kwenye hewa iliyojaa mvuke kuhema hakupozi tena. Kunakuwa kazi ya bure inayoongeza joto juu ya joto. Mwili wa mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40. Ukimwona amenyoosha shingo, kinywa wazi, ulimi nje na povu mdomoni, ujue ameshavuka hapo. Lakini wengi hawaoni, kwa sababu wanachungulia kwa juu. Ukitaka kujua hali halisi, pitisha mkono kati ya mbao kwenye kichanja cha chini, upande wa mbele nyuma ya kabini. Hapo ubao wa mbele huzuia upepo, injini inaongeza joto lake na mkojo wa walio juu unadondoka. Mkono ukirudi umelowa jasho kabla hujamaliza kuhesabu hadi ishirini, usisubiri mtu akushauri. Washa gari.

Barabara yetu ina ugumu wake wa ziada. Singida iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Dodoma kama 1,100. Huko hewa ni kavu na usiku una ubaridi. Baada ya Gairo unaanza kuteremka kuelekea Dumila, unapita Morogoro, unaingia Chalinze, na kadiri unavyokaribia Pwani ndivyo hewa inavyozidi kuwa nzito. Nusu saa ya kusimama Manyoni alfajiri mbuzi hataikumbuka. Nusu saa hiyo hiyo Chalinze saa nane mchana inaweza kumaliza faida ya safari nzima. Kwa hiyo anayepanga safari kwa kuangalia kilomita peke yake anapanga nusu. Kibali chako cha kusafirisha mifugo ndicho kinachosema usafiri lini. Ndani ya muda huo, panga jua kali likukute kwenye mwendo, na foleni ya kuanzia Kibaha hadi Kimara ikukute jua likiwa limepoa.

Lori husimama wapi? Kwenye mizani, kwenye kizuizi cha mifugo, kituo cha mafuta, kwenye pancha. Husimama pia mahali pasipoandikwa popote. Dereva anashuka Dumila kununua tenga la nyanya za kupeleka nyumbani, anakuta bei imepanda, anabishana. Au wanaingia mgahawani na utingo wake, wanaagiza ugali, na pembeni supu ya mbuzi, huku mbuzi wenyewe wakiungua ng'ambo ya barabara. Sisemi dereva asile. Dereva mwenye njaa na usingizi ni hatari kuliko jua. Nasema ale kabla ya kupakia, abebe chakula, na panapolazimu kusimama, gari liegeshwe kivulini na ubavu wake uelekee upepo unakotoka, turubai likiwa limekunjwa. Matenki ya mafuta yajazwe jana yake. Matairi yakaguliwe jana yake.

Na karatasi. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inataka mifugo inayosafirishwa ikaguliwe na kuwa na kibali. Wafanyabiashara wengi wanakiona kibali kama kero ya serikali. Mimi, kama mtu wa mifugo, nakiona kama sehemu ya uingizaji hewa. Lori ambalo idadi ya mbuzi kwenye kibali haifanani na idadi iliyopakiwa litazuiwa, mbuzi watahesabiwa upya, simu zitapigwa, na mazungumzo yale mengine ya pembeni yataanza. Yote hayo yanafanyika gari likiwa limesimama juani. Kuongeza mbuzi watano wa jirani baada ya kibali kuandikwa ni jambo dogo pale mnadani. Kwenye kizuizi ni saa moja na nusu.

Tuje kwenye kujaza. Kwa mbuzi aliye chini ya kilo 35, kanuni zile za Ulaya zinataka eneo la mita ya mraba 0.20 hadi 0.30. Chukua bodi la mita 6 kwa mita 2.3: ni kama mita za mraba 14. Ukimpa kila mmoja 0.25, wanaingia 55 chini na 55 juu, jumla 110. Mtu atakayekwambia bodi hilo limewahi kubeba 160 hakudanganyi. Muulize tu walifika wangapi wakiwa wamesimama. Kuna wanaoamini kwamba kubananisha kunasaidia, eti mbuzi wanashikiliana wasianguke. Nusu yake ni kweli. Mbuzi wachache kwenye bodi tupu hurushwa huku na huku kila dereva akikata kona. Lakini kundi lililobanwa sana lina ubaya wake: anayeanguka hapati nafasi ya kuinuka, wenzake wanajaza pengo lake papo hapo, na anakufa chini ya kwato bila hata kupiga kelele inayosikika kabini.

Dawa ya yote mawili ni kugawa. Weka vizuizi vya fito au mabanzi ndani ya bodi, kila chumba mbuzi kumi na tano hadi ishirini. Faida yake utaiona kwenye mteremko ule wa baada ya Gairo. Dereva anakanyaga breki, kundi zima linasukumwa mbele. Bila vizuizi, uzito wa mbuzi 55 unawalalia walio karibu na kabini. Ukiwa na vyumba vitatu, kila chumba kinabeba mzigo wake. Mabeberu wakae peke yao, maana beberu aliyetolewa kundini kwake akichanganywa na beberu asiyemjua hasubiri lori liondoke. Wenye pembe ndefu wasichanganywe na wasio na pembe. Mwenye mimba kubwa abaki zizini. Mimba ya mbuzi ni kama siku 150, na aliyebakiza wiki mbili akipanda lori, anaweza kuzaa au kutupa mimba njiani.

Sakafu nayo. Chuma au ubao uliolowa mkojo unateleza, na mbuzi akiteleza miguu ya nyuma inapanuka hadi nyonga inaumia. Mnyama wa namna hiyo hasimami tena. Mchanga mkavu unafaa kuliko vyote, maranda ya mbao yanafuata. Majani mabichi yanateleza kama sabuni. Kichanja cha juu kitandikwe turubai zito chini ya mchanga ili wa chini wasinyeshewe mkojo njia nzima. Mvuke wa mkojo huo unawasha macho na kuchubua njia ya hewa, na kifua kilichochubuka ni mlango wa nimonia.

Mtu muhimu kuliko wote kwenye safari hii hayuko nyuma ya usukani. Ni utingo. Yeye ndiye anayepaswa kupanda na tochi kila lori linaposimama, kutafuta aliyelala wakati wenzake wamesimama. Si kila aliyelala ni mgonjwa. Mbuzi aliyekunja miguu na anacheua mwache, huyo anasafiri vizuri kuliko wewe. Aliyelala ubavu, kichwa kimegeuka, ndiye wa kuinuliwa: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya paja, apandishwe taratibu, aegemezwe kwenye kona hadi miguu ipate nguvu. Kumvuta pembe au mguu mmoja ni kumvunja. Asipoweza kusimama, ahamishiwe kizimba kidogo mlangoni, kilichotengwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Utingo wengi hulipwa kwa safari. Mimi ningemlipa kwa kichwa kilichoshuka kikitembea. Hakuna sindano kwenye duka la pembejeo inayookoa mbuzi wengi kwa bei hiyo.

Akifa, amekufa. Kumkata shingo haraka kando ya barabara ili ionekane alichinjwa ni kumuuzia mtu kibudu, na nyama hiyo haijapita kwa mkaguzi yeyote. Zaidi ya hapo, mbuzi aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au kwenye njia ya haja kubwa anaweza kuwa na kimeta. Huyo hapasuliwi kabisa. Anaitiwa daktari wa mifugo.

Maandalizi ya kabla ya safari yana mambo mawili yanayokosewa. La kwanza ni chakula. Kuwashibisha mahindi au pumba usiku wa kuamkia safari, ili waonekane wamejaa, ni kuwapakia na tumbo linalochachuka. Wapewe majani makavu, na maji hadi karibu na kupakia. La pili ni chanjo. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008, ina chanjo nzuri inayokinga kwa miaka mitatu au zaidi, lakini mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Anayechanja asubuhi na kupakia mchana amewachoma sindano tu. Kinga itaanza kazi mbuzi wakishakuwa supu.

Wakifika, mizani itaonyesha kilichopotea. Safari ya siku nzima hupunguza mbuzi asilimia 5 hadi 10 ya uzito, kwa hiyo wa kilo 30 anaweza kushuka na kilo mbili pungufu. Sehemu kubwa ya kinachopotea saa za mwanzo ni mavi na mkojo, jambo lisilomuumiza mtu. Baadaye yanaanza kutoka maji ya mwili wenyewe, na hayo ni pesa. Wapewe maji kwanza, kidogo kidogo na kwenye ndoo nyingi, wenye nguvu wasije wakawasukuma wanyonge. Halafu majani makavu, halafu kivuli. Mchinjaji anayewachinja wakishuka tu anajipunja mwenyewe. Misuli ya mnyama aliyechoka imemaliza sukari yake, na bila sukari hiyo nyama haipati ule uchachu unaoituliza baada ya kuchinjwa. Inabaki nyeusi, inanata, inaoza mapema. Siku moja ya kupumzika inarekebisha mengi.

Msimu wa Idi ya Kuchinja hesabu hubadilika kidogo. Mnyama wa udhiya hatakiwi kuwa na kilema cha wazi, awe chongo au kiwete. Pembe ya mwenzake ikimtoboa jicho karibu na Morogoro, mbuzi yule yule aliyepanda lori akiwa wa kuchinjwa kwa ibada anashuka akiwa wa bucha, na bei yake inashuka naye. Mabanzi matatu ya kugawa bodi ni rahisi kuliko jicho hilo.

Wanaonunua mbuzi wa kufuga wana kazi ndefu zaidi. Sotoka huchukua kwa kawaida siku nne hadi sita kabla ya kuonyesha dalili, na homa ya mapafu ya mbuzi siku sita hadi kumi, wakati mwingine zaidi. Ugonjwa huu wa pili huenezwa kwa kukohoana kwa karibu, na sijui mahali ambapo mbuzi hukaa karibu kuliko ndani ya Fuso. Mgonjwa mmoja aliyepakiwa akiwa anaonekana mzima atakuwa amewapumulia jirani zake saa kumi na mbili mfululizo. Kwa hiyo mbuzi hao wapya wasiingizwe zizini kwako siku wanayoshuka. Watengewe banda lao, ndoo zao na mchungaji wao kwa wiki tatu, na kila alfajiri, kabla ya kuwafungulia, mtu asimame mlangoni kimya asikilize kama kuna anayekohoa.