Gari la Kikundi Likianza Kuugua: Zijue Dalili za Sensa



Kikundi kikichanga pesa kikanunua pikapu ya kupeleka nazi na maembe soko la Kongowea, hapa Nyali, gari hilo ni la kila mwanachama. Siku likilala gereji, mzigo unaoza na mfuko wa kikundi unatoboka. Tena mara nyingi pesa zinaishia kununua kifaa kipya wakati kile cha zamani hakikuwa kibovu. Basi leo tuzungumze juu ya sensa.

Sensa ni nini?

Gari la zamani lilikuwa na kabureta. Fundi alisikiliza mlio, akashika bisibisi, akarekebisha. Lakini magari mengi yaliyotumika Japani na kushushwa bandari ya Mombasa yana kompyuta ndogo inayopima mafuta ya kuingia kwenye injini. Kompyuta hiyo haina macho. Inategemea sensa, yaani vifaa vidogo vinavyoipasha habari: joto la maji, hewa inayoingia, mzunguko wa injini, na moshi unaotoka. Sensa ikidanganya, injini nayo inaharibu kazi.

Dalili za kuangalia

1. Taa ya injini kwenye dashibodi. Ukifungua ufunguo ni lazima iwake, na injini ikinguruma izimike. Ikibaki inawaka, kuna shida imeandikwa kwenye kompyuta.

2. Gari linakunywa mafuta kuliko kawaida, linatoa moshi mweusi au harufu ya petroli. Huenda sensa ya joto inasema injini ni baridi na kumbe imeshapata moto, au sensa ya bomba la moshi imechoka.

3. Gari linakosa nguvu mlimani, kwa mfano kupanda Mazeras. Huenda sensa ya hewa imeshika vumbi.

4. Injini inazima ghafla ikipata moto, ikipoa inawaka tena. Hapo fundi aangalie sensa ya mzunguko.

Lakini msikimbilie kununua! Chujio la hewa lililoziba, plagi zilizochakaa au pampu ya mafuta iliyochoka huleta dalili kama hizo hizo.

Mfanye nini?

Kwanza, angalieni waya na soketi zake. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na shaba huota kutu ya kijani. Panya nao hutafuna waya. Zimeni gari, chomoeni waya wa hasi wa betri, kisha soketi isafishwe na kukaushwa vizuri. Msitumie petroli, inaweza kuwaka moto. Na mkiosha gari, msipige injini maji ya nguvu.

Pili, fundi apime kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mwambieni awape namba iliyotokea, mwiandike kwenye daftari la gari. Namba hiyo inaonyesha upande wenye shida tu. Haisemi kifaa fulani kimekufa. Namba ya sensa ya moshi, kwa mfano, inaweza kutokana na bomba lililotoboka. Fundi aeleze amehakikisha vipi kabla ya pesa kutoka.

Tatu, kifaa kikibadilishwa, dai kile cha zamani mkione.

Tahadhari

Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, simameni papo hapo, mzime injini. Taa ya injini ikimetameta, dereva apunguze mwendo na kuegesha mahali salama.

Kuchomoa betri ili taa izimike si matibabu. Shida ikiwepo taa itarudi. Wauzaji wengine hutumia ujanja huo. Kwa hiyo mkienda kununua gari, fungueni ufunguo kwanza. Taa ya injini isipowaka kabisa, ulizeni kwa nini.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dereva ndiye anayeyaona mawingu hayo wa kwanza, basi msimkemee akileta habari mbaya. Msikilizeni.

Maswali ya kujadili kikundini

- Je, gari letu lina daftari la mafuta na matengenezo? Nani analiandika?
- Mara ya mwisho tulinunua kifaa gani, na tulihakikishaje kwamba cha zamani kilikuwa kibovu?
- Dereva akiona taa njiani, ana ruhusa ya kusimama hata kama mzigo unachelewa?