Waifai Ipo, Intaneti Haipo: Kwa Nini?

Kompyuta yaonyesha imeshika waifai, lakini intaneti hakuna. Je, imeharibika?

Sisi wa Makanya tunaijua ndiva. Mfereji waweza kuwa wazi mpaka shambani, lakini ndiva ikikauka, maji hayafiki. Waifai ni mfereji wa kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta tu. Intaneti yenyewe hutoka mbali.

Basi, kabla ya kumlipa fundi, fanya hivi:

1. Zima data ya simu, kisha unga simu kwenye waifai hiyo hiyo. Ikipata intaneti, kasoro iko kwenye kompyuta. Izime, uiwashe tena.

2. Simu nayo ikikosa, tazama bando la ruta. Huenda limekwisha.

3. Bando lipo? Zima ruta, ngoja nusu dakika, iwashe.

4. Bado? Ipigie simu kampuni inayokuuzia intaneti.

Usinunue kompyuta mpya kumbe ndiva ndiyo kavu!