Maji Yaliyomo Ndani ya Tangi la Kompresa

Wakulima wengi hujaza upepo katika magurudumu ya mikokoteni na matrekta yao kwa kompresa, ama iliyo yao wenyewe, ama ya chama cha ushirika. Mashine hiyo huvuta hewa, huisonga, na kuiweka akiba katika tangi la chuma. Lakini kila itiapo hewa, hutia na maji pia. Na maji hayo yasipoondolewa huharibu tangi, tena yaweza kumletea mtu mauti.

Labda mtu atauliza, “Yatoka wapi, nami sikutia hata tone?” Yamo hewani. Hewa yote ina mvuke usioonekana kwa macho. Tuseme ni siku ya masika huko Tanga au Mombasa, joto digrii 30. Mita moja ya ujazo ya hewa yaweza kuwa na mvuke wa gramu 24. Wala kwa joto hilo nafasi hiyo haichukui zaidi ya gramu 30 hivi. Sasa kompresa husonga mita 8 za hewa katika nafasi ya mita 1. Gramu 24 mara 8 ni gramu 192. Hewa ikiisha kupoa, gramu 30 tu hubaki mvuke. Zilizosalia, kama gramu 160, hugeuka maji, mfano wa matone yaliyo chini ya kifuniko cha chungu.

Maji hayo hushuka chini ya tangi na kula chuma kwa ndani. Nimepata kuona tangi lililopakwa rangi nzuri, hata mwenyewe akalisifu. Tulipofungua koki, yalitoka maji mekundu yenye magamba ya kutu. Kikulacho ki nguoni mwako. Chuma kikiisha kuwa chembamba, upepo uliosongwa hulipasua tangi ghafula na kurusha vipande kwa nguvu nyingi.

Basi, kila jioni kazi ikiisha, fanya hivi:

1. Zima mashine.

2. Toa upepo hata mshale wa geji ukaribie sifuri. Ubakize kidogo tu wa kusukuma maji.

3. Fungua polepole koki iliyo chini ya tangi. Usiweke uso wala mkono mbele yake.

4. Kinga maji kwa debe. Yana mafuta ya mashine, kwa hiyo usiyamwage karibu na kisima wala bustani ya mboga.

5. Ngoja hata utoke upepo mtupu, kisha funga koki.

Tena, weka mashine kivulini, mahali pakavu penye hewa, na tangi liinamie kidogo upande wa koki. Valvu ya usalama usiizibe kamwe. Maji yakitoka mekundu, mwite fundi ajuaye kupima matangi, alipime kwa msukumo wa maji. Tangi likitoboka kwa kutu, usikubali litiwe kiraka, maana chuma kilicho kando ya tundu nacho kimekwisha kuliwa; liache, ununue jingine.

Kazi hii ya jioni ni ya dakika chache. Tangi jipya lina bei kubwa, lakini uhai wa mtu hauna bei.