Stesheni Isiyo na Mtu: Kweli au Si Kweli?

Dirisha la tiketi limefungwa, getini hakuna anayekuuliza kitu, na treni inayokuja ina behewa moja tu. Wajapani huiita mujin-eki, yaani stesheni isiyo na mtu. Karibu nusu ya stesheni za reli nchini Japani ziko hivyo, na mengi husemwa juu yake.

"Hakuna wa kukudai nauli."
Si kweli. Katika njia nyingi za vijijini dereva ndiye kondakta. Unapandia mlango wa nyuma na kuchomoa kikaratasi chenye namba mashineni. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wa nauli: kadiri safari inavyorefuka, ndivyo kiasi kilicho chini ya namba yako kinavyopanda. Ukifika, unashukia mlango wa mbele na kutumbukiza kikaratasi na sarafu sandukuni, dereva akikutazama. Kama una noti ya yeni 1,000, sanduku hilohilo linakuvunjia kuwa sarafu kwanza.

"Ni vibanda vidogo tu mashambani."
Si kweli. Stesheni ya Doai, mkoani Gunma, haina wafanyakazi tangu 1985. Jukwaa lake moja limezama ndani ya handaki la mlimani. Kutoka pale unapanda vidato 462 kwa mstari mmoja mnyoofu, kisha 24 zaidi ndipo ulione geti. Wameibandika jina la stesheni ya fuko.

"Stesheni moja Hokkaido iliachwa wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja."
Imetiwa chumvi. Kisa kilichoenea duniani mwaka 2016 kiliitaja Kami-Shirataki, lakini msichana yule alikuwa akipandia Kyu-Shirataki, na treni yake ilibeba wanafunzi wengine pia. Stesheni hizo mbili na jirani yao Shimo-Shirataki zilifungwa pamoja tarehe 26 Machi 2016, siku ratiba mpya ya reli ilipoanza.

"Paka aliwahi kuwa mkuu wa stesheni."
Kweli tupu. Stesheni ya Kishi, Wakayama, iliondolewa wafanyakazi mwaka 2006. Januari 2007 Tama, paka wa duka la jirani, akavishwa kofia na kupewa cheo, mshahara wake ukiwa chakula cha paka. Wageni walimiminika kumwona hadi alipokufa mwaka 2015.

"Kuondoa wafanyakazi hakumuumizi mtu."
Si kweli. Mwaka 2020, huko Oita, watumiaji wa viti vya magurudumu waliipeleka kampuni ya reli mahakamani. Mwenye miguu yake huvuka pengo la jukwaa na treni bila hata kuliona. Wao walitakiwa kutoa taarifa mapema ili mfanyakazi atumwe. Mkuu wa stesheni akiondoka, kazi zake hazimfuati: nauli humwangukia dereva, kofia inaweza kuvaliwa na paka, ila ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu bado unahitaji mtu wa kuutandika.