Je, Wajua? Shaba ya Katanga, kutoka misalaba hadi Kinsevere

Je, wajua kwamba karne kadhaa kabla ya kampuni ya Union Minière kuyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ilikuwa na viwanda vingi vidogo vilivyotoa bidhaa ya namna moja? Bidhaa hiyo ilikuwa msalaba wa shaba. Mavuno yakiisha na kiangazi kikiingia, watu walihamia kwenye mawe ya kijani ya malakiti. Walichimba, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na kuuchochea moto kwa mivukuto ya ngozi. Mvua zilipokaribia walirudi shambani. Tanuru moja ikipasuka, nyingine zilikuwapo.

Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yana ushahidi wa kustaajabisha. Watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua huko mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970. Misalaba ya zamani zaidi ni mikubwa na hailingani. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, ikafanana, mpaka ikatumika kama fedha. Na Kisale hakuna shaba! Machimbo yako zaidi ya kilomita 200 kusini, lakini mtu wa Kisale aliushika msalaba akajua thamani yake. Nchi ya Katanga iliyojitenga na Kongo ilipotoa sarafu zake mwaka 1961, iliuchora msalaba huo juu yake.

Je, wajua kwamba Kinsevere, mgodi wa kampuni ya MMG ulioko kama kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi, haupeleki mawe ng'ambo? Unatoa kathodi, mabamba ya shaba safi. Kama msalaba ule, kathodi ina viwango vinavyojulikana, tena dunia nzima, hivyo mtengeneza nyaya akiikosa ya Katanga huagiza ya Chile bila kubadili mashine.

Upanuzi wa mgodi ulioidhinishwa mwaka 2022 ulikuja na tanuri la kuchoma madini yenye salfa pamoja na kiwanda cha asidi. Salfa iliyomo ndani ya jiwe hugeuzwa asidi ya kuyeyushia madini mengine, na kila tani ya asidi inayopatikana hapo hapo haihitaji lori. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko tani za shaba zenyewe, kwa sababu Kinsevere iko mbali na kila bandari: Dar es Salaam, Durban, Beira, Lobito.

Reli ya Benguela, inayotoka Lobito, iliunganishwa na reli za Katanga mwaka 1931, ikakatwa na vita vya Angola baada ya 1975, na kwa miongo kadhaa mizigo ikategemea njia za kusini na mashariki. Lori la kusini hupita Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, penye misururu mirefu. Huko forodha ya Kongo na ya Zambia hutumia mfumo wa kompyuta wa asili moja, uliobuniwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Namba ya mzigo iliyoandikwa Kinsevere ingepaswa kusomwa upande wa pili bila mtu yeyote kuiandika upya.